Chapuo ya Singo

Enzi za Mwingereza, ngoma Temeke haikupigwa bila kibali cha boma. Hilo tulilijua. Harusi ya mdogo wangu ilikuwa na kibali chake, cha Jumamosi tu, mama kakikunja na kukihifadhi ndani ya msahafu. Lakini Alhamisi ilikuwa siku ya singo: wanawake uani, bibi harusi anasuguliwa liwa na dalia mwili unukie, somo yake anayemfunda anaimba, nami nimepakata chapuo, kile kigoma kidogo, ninamfuatishia. Nani angewaza kuiombea singo kibali? Singo ni singo, ngoma ni ngoma.

Askari aliyeingia alikuwa mtu wa bara. Wenzangu wakatimua mbio. Mie chapuo ilikuwa mapajani, nikakamatwa nayo.

"Bwana askari, hii si ngoma," mama alimwambia. "Mwali anasingwa."

"Mama, mimi nimesikia ngoma tangu barabarani."

Barazani liwali alinihukumu kufyeka majani ya boma siku nzima, na karani akaandika jina langu kitabuni. Nilifyeka, nikaoga, na Jumamosi nikacheza mpaka kanga ikalowa. Nilidhani yamekwisha.

Mwaka uliofuata niliomba kusomea ukunga. Nilikuwa nimeachika, sina mtoto, na kazi ile niliitaka kuliko nilivyowahi kumtaka mume. Fomu ikaja na swali: Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai? Ndiyo au Hapana. Chini yake: atakayesema uongo atashtakiwa.

Nikarudi kwa karani yule yule.

"Shikamoo. Lile kosa langu la ngoma ni jinai?"

"Marahaba. Jinai ni wizi, kujeruhi watu. Lako ni la kanuni za mji tu."

"Basi niandike Hapana?"

Akaguna. "Hilo sikwambii mie. Kitabu chenyewe ndicho hiki kimoja, wote tunawaandika humu."

Akanionyesha. Juu ya jina langu alikuwa mwizi wa baiskeli, chini yangu mtu aliyemvunja mwenzake mkono. Nikamsubiri liwali atoke, nikamuuliza yeye.

"Inategemea na anayekuuliza, binti," alisema, akaenda zake kuswali.

Nilitaka kulia kwa hasira. Nikiandika Ndiyo, nafasi imekwenda, nimewekwa fungu moja na mwizi wa baiskeli. Nikiandika Hapana, na huko hospitali wakaihesabu singo kuwa jinai, uongo wenyewe ndio utakaonifunga. Fomu ilikaa chini ya mto siku nne. Siku ya mwisho nikaandika Hapana, nikaipeleka.

Wakanichukua. Nimezalisha nusu ya mtaa wetu, na kila msimamizi aliponiita ofisini nilijua wamekiona kile kitabu. Hawakukiona. Mpaka leo sijui kama nilisema uongo, na hilo linaniudhi kuliko kufyeka majani.

Binti wa mdogo wangu alipoolewa, siku ya singo walinipa chapuo, maana wote walijua zamani nilivyokuwa hodari. Nikawaambia siwezi; habari ya ile fomu sikuwahi kumwambia mtu. Wakasukumana viwiko, wakanong'ona kwamba ukunga umenitia maringo. Mdogo wangu mwenyewe alinitazama, akaumia, akampa mwingine.

Nami nilikaa pale mkekani mpaka singo ikaisha, mikono nimeikalia.