Siku Niliyomtembeza Shangazi Rukia

Sisi tuliokulia Toronto miaka ya elfu mbili mwanzoni, kabla simu hazijaanza kumwambia mtu akate kushoto au kulia, mji tuliujua kwa miguu. Watoto wa dada yangu leo hawatoki Pickering kwenda mjini bila kuuliza kioo cha simu, na betri ikiisha wanasimama kituoni wameduwaa, wanasubiri baba yao aje na gari. Sisi tulikuwa na kikaratasi cha kuunganishia basi, chepesi kama ganda la kitunguu, ambacho dereva alikichana kwenye kitabu chake. Ukikipoteza, unarudi nyumbani kwa miguu. Nilivipoteza vingi, na kila mara nilifika nyumbani nikijua mtaa mpya.

Nakumbuka pia jinsi wageni kutoka nyumbani walivyotembezwa. Kila familia ilikuwa na ratiba ileile. Siku ya kwanza mgeni alilala. Siku ya pili alipelekwa chini ya ule mnara mrefu, akasimamishwa mbali ili kichwa chake na ncha ya mnara viingie kwenye picha moja, na mpiga picha akalala chali kwenye lami. Hakuna aliyepanda juu. Siku ya tatu ilikuwa ya maporomoko ya Niagara, na sufuria ya pilau imefungwa kwa shuka ndani ya buti la gari, maana baba alisema mtu hawezi kutazama maji mengi kiasi kile na njaa. Nyumba nyingi za Tanga zilikuwa na picha hizo ukutani. Watu tofauti, mnara mmoja.

Shangazi Rukia, dada mkubwa wa baba yangu Bakari, hakuja kupigwa picha. Alikuja kunitazama mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tukikaa ghorofa ya saba, Mount Dennis. Baba aliendesha lori la safari ndefu na tulimwona mara mbili kwa mwezi. Mama alifunga biskuti kiwandani, akitoka alfajiri. Mimi nilikuwa natoroka shule. Shule ilikuwa na mashine iliyopiga simu nyumbani kila alasiri na kuacha ujumbe kwamba mtoto wako leo hakuhudhuria, na mimi niliwahi kufika kabla ya mama, nikasikiliza ile sauti ya mwanamke asiyechoka, nikaufuta ujumbe. Lakini ripoti ya muhula haifutiki. Mama alipoiona alimpigia baba, baba akapiga Tanga, na baba zangu wakubwa wakaamua: Rukia aende, atazame, na akiona mtoto anapotea, arudi naye. Nilisikia yote kupitia ukuta wa jikoni, maana kwa zile kadi za simu za kukwangua watu walizungumza na Tanga kwa kupiga kelele.

Sikutaka kwenda Tanga. Nilitoka huko nikiwa na miaka mitatu na sikukumbuka hata mlango wa nyumba. Nilichokijua ni Toronto, na niliipenda kuliko mtu yeyote niliyemfahamu.

Basi Ijumaa moja ya Oktoba walimu walikuwa na mkutano wao, shule imefungwa. Mama alikuwa keshatoka. Shangazi aliamka, akaswali, akanywa chai, akavaa buibui lake na juu yake koti la baba lililomfika magotini, akasimama mlangoni.

"Haya, mama, nitembeze."

Aliniita mama kwa sababu jina langu, Mwanahamisi, ni la bibi yetu aliyewazaa yeye na baba. Nilipomwamkia asubuhi kwa shikamoo aliitikia marahaba, halafu akaniuliza kama nimelala vyema, kana kwamba mimi ndiye mkubwa.

"Twende wapi, shangazi?"

"Unaniuliza mimi? Mji wangu huu?"

Hatukuwa na mpango wowote. Ila nilijua jambo moja: nikimshangaza siku hiyo, hatanichukua. Nilimfunga skafu ya mama tukashuka.

Kwenye kibanda cha tiketi cha stesheni ya treni ya chini ya ardhi alikaa mzee mmoja wa Kijamaika ambaye alinifahamu. Alinitazama juu ya miwani akasema kwa Kiingereza, "Wewe tena. Leo pia hakuna shule?"

"Anasemaje?" akauliza shangazi.

"Anasema karibu Toronto."

"Mwambie nimekaribia."

Nilimwambia mzee leo ni siku ya walimu. Tukashuka ngazi, nami nikajiona mjanja kweli.

Nilimpeleka kwenye behewa la mbele kabisa. Wa rika langu watalikumbuka lile dirisha la mbele, kando ya chumba cha dereva, ambapo mtoto aliweza kubandika pua na kuona reli zikija mbio gizani, na taa za buluu na nyekundu. Tulisimama hapo stesheni baada ya stesheni, yeye ameshika chuma, mimi nimeshika koti la baba. Sikumwambia kinachokuja. Baada ya nusu saa hivi giza likakatika na treni ikachomoka kwenye mwanga, juu ya daraja, na chini yetu kulikuwa na bonde zima la miti myekundu, ya manjano na ya rangi ya chungwa, mpaka mwisho wa macho.

"Subhanallah. Kunaungua?"

"Hapana, shangazi. Majani yanakufa."

"Yanakufa hivi?" Alitazama nyuma mpaka treni ikaingia tena chini. "Kwetu jani likifa linakuwa rangi ya udongo, basi. Turudi."

Tulirudi. Tulilivuka lile daraja mara tatu. Mara ya tatu alivua miwani akaipangusa, na sikuona kama ilikuwa na vumbi.

Kutoka hapo tulipanda tramu, ile ya zamani iliyolia kwenye kona kama sufuria inayokwanguliwa, hadi soko kubwa la matofali mekundu. Shangazi alitembea kwenye samaki kama mkaguzi. Aliwainua mashavu, akawatazama macho, akaniambia huyu amekufa tangu Jumanne. Mama mmoja wa Kireno aliyeuza pale aliniona, akanitupia kipande cha mkate kama kawaida yake, akasema, "Wiki hii umenikimbia. Jumatano nilikuwekea."

"Huyu naye anasemaje?"

"Anasema una macho mazuri ya kuchagua samaki."

"Mwenyezi Mungu ambariki," akasema shangazi, akanitazama kidogo.

Tulikula ule mkate tukishuka kuelekea ziwani. Hapo ndipo nilipoweka tumaini langu la mwisho, kivuko cha kwenda visiwani. Wageni wengi hawakukijua. Kinaondoka polepole, na ukikaa nyuma, mji unaanza kusimama. Mwanzo unaona ukuta wa vioo tu. Halafu majengo yanaachana moja moja, mnara unajitokeza, na jua la alasiri likipiga vile vioo, mji mzima unageuka rangi ya shaba na kuelea juu ya maji. Niliuona mara nyingi sana. Sikuwahi kuuzoea, na mpaka leo sijauzoea.

Shangazi alishika ukingo wa kivuko kwa mikono yote miwili. Halafu aliinama pale maji yaliporuka, akalowesha vidole, akaviweka ulimini.

"Hayana chumvi."

"Ni ziwa, shangazi."

"Ziwa." Alionja tena. Mtu wa Tanga hawezi kuona maji yasiyo na ng'ambo akakubali kirahisi kuwa si bahari. "Na mwisho wake?"

"Marekani."

Akatikisa kichwa. Nilijua nimeshinda. Nilikuwa naanza kutabasamu pale mfanyakazi wa kivuko, kijana mwenye ndevu nyekundu, alipopita na kamba begani, akanipiga kofi dogo kichwani.

"Leo umeleta mgeni," akasema. "Mwalimu wako?"

Nikafungua mdomo kutafsiri. Shangazi akaniwahi. Kwa Kiingereza, tena kile cha vitabu vya zamani, kila neno limepigwa pasi, akamjibu kwamba yeye ni shangazi wa mtoto, ingawa kweli alifundisha kwa miaka thelathini na moja, saba kati yake akiwa mwalimu mkuu, na angependa kujua binti huyu huja hapa mara ngapi.

"Huyu?" Kijana alifurahi. "Kila wiki. Jumanne hasa."

Baba hakuwahi kuniambia kwamba dada yake alikuwa mwalimu mkuu. Sisi watoto wa ng'ambo tulikuwa na ujinga huo: mtu akija kutoka nyumbani na buibui, tunadhani hajui kitu mpaka tumwambie. Siku nzima alikuwa amesikia. Mzee wa tiketi, mama wa samaki, na tafsiri zangu zote.

Alikaa kwenye benchi, akapiga mbao kando yake. Nikakaa. Nilisubiri kipigo au mawaidha, na mji unaelea mbele yetu.

"Mama," akasema, "watoro nimewachapa wengi. Hakuna hata mmoja niliyemuuliza alikwenda kuona nini. Wewe ulikwenda kuona nini?"

Nilimwambia. Sijui nilizungumza muda gani, Kiswahili kikiniishia nikidandia Kiingereza. Nilimwambia darasani dirisha lilitazama ukuta. Nilimwambia habari za daraja, na jengo la makumbusho lenye mifupa ya mnyama mrefu kuliko basi, na njia za chini kwa chini ambapo watu elfu hupita wakati wa chakula cha mchana bila kuliona jua. Nilimwambia kwamba nikiona kitu kama hicho kifua changu hujaa, na sina wa kumwambia, kwa sababu nikimwambia mtu atajua nilitoroka.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mji huu ni mkubwa na ni mzuri," akasema. "Sijaona mfano wake. Na watu wake ni wema, wamekupa mkate. Lakini leo nimekutana na watu watatu wanaokujua, na hakuna hata mmoja anayejua wewe ni mtoto wa nani. Tanga ukikatiza mtaa saa nne asubuhi na sare ya shule, utaulizwa kabla hujafika kona."

"Kwa hiyo utamwambia mama?"

"Nitamwambia. Nitamwambia na daraja pia."

Alimwambia vyote jioni ile, mezani, na alianza na daraja. Mama alilia, baba akapigiwa simu njiani. Desemba tukapanda ndege, shangazi na mimi.

Nilikaa Tanga miaka mitatu. Baada ya kurudi Kanada shule niliiacha hata hivyo, kabla sijaimaliza, na tangu hapo sijatulia mahali. Nimeingia miji mingi asubuhi bila mpango, mji mkuu huu na ule wa Ulaya, nikapanda tramu ya kwanza mpaka mwisho wa njia. Vijana ninaokutana nao huko wana orodha ya vitu kumi vya kuona, wanavipiga picha vyote kumi kabla ya chakula cha mchana, halafu wanakaa kuchagua picha. Mimi bado nikikuta kilima chenye paa nyekundu na mto chini yake, kifua hujaa vilevile. Jioni natafuta chumba. Mtu wa mapokezi hutazama pasi yangu, hunipa kadi ya kufungulia mlango, na hapo tumemalizana.

Kile chumba cha Ngamiani, mtaa wa shangazi kule Tanga, hakikuwa na ufunguo. Desemba ile tulifika mchana wa jua kali, nimevimba miguu kwa safari. Shangazi alinionyesha kitanda cha kamba karibu na mlango wa mbele, akatandika shuka lililonukia udi, akaniambia nijilaze. Mlango aliuacha wazi, akavuta kigoda akakaa kizingitini kuchambua mchele. Nilikuwa na hofu na hasira, na niliapa sitalala. Nje watu walipita, na kila aliyepita alipunguza mwendo, akasalimia, akachungulia ndani.

"Mwalimu, ndiye huyo?"

"Ndiye."

Akapita mwingine, na mwingine tena. Nilijaribu kuwahesabu. Usingizi ulinichukua nikisikia sauti ya mwanamke nisiyemjua ikiuliza, na shangazi, bila kuinua kichwa kwenye ungo, akijibu kwamba ndiye, mtoto wa Bakari, kaja.