Pikipiki ya Baba Yenye Gia Kulia

Juzi nilikuwa mjini Machakos, nimepanda boda boda kutoka sokoni kwenda upande wa hospitali, ikazima katikati ya barabara. Kijana wa watu akapiga kiki mpaka jasho likamtoka. Nikashuka, nikamwambia atoe plagi. Akaniangalia, mama mzima na mkoba wangu na viatu vya ofisini, akasema, "Madam, hii ni ya kupeleka kwa fundi." Nikamwambia fundi ndiye mimi. Plagi ilikuwa imelowa petroli, nyeusi tii. Nikaipangusa kwa upindo wa leso, nikaipuliza, nikamrudishia, na kiki ya kwanza tu ikawaka. Aliponiuliza nilijifunzia wapi, rafiki yangu, haraka zote ziliniisha. Nilimsimulia habari za Mtaliano pale pale kando ya barabara, na sasa ni zamu yako.

Mtaliano ndilo jina tuliloiita pikipiki ya baba. Baba alitibu mifugo huko Mwala, akichanja ng'ombe na kuwanywesha mbuzi dawa ya minyoo, na kila mtu alimwita daktari. Pikipiki aliinunua kwa fundi mmoja wa Kiitaliano aliyefanya kazi upande wa Masinga, kisha akarudi kwao. Ilikuwa kuukuu hata siku ile anaileta. Tangi lake lilikuwa jekundu, limebonyea upande mmoja, na mngurumo wake ulikuwa mzito, wa chini, hata ng'ombe walimjua daktari kabla hajatokea. Miaka ile ya tisini pikipiki zilikuwa chache huko kwetu, na hizo chache zote zilikuwa za Kijapani. Ya Kiitaliano ilikuwa ni yetu peke yetu, na usifikiri hatukulijua hilo. Shuleni nililitaja mpaka wenzangu wakachoka nami.

Sasa sikiliza jambo moja kuihusu, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Pikipiki zote unazoziona leo, gia iko mguu wa kushoto na breki ya nyuma iko wa kulia. Mtaliano wetu alikuwa kinyume. Gia kulia, breki kushoto. Ndivyo Wataliano wa zamani walivyozitengeneza, na baba alisema kwa majivuno makubwa kwamba wengine wote ndio waliokosea.

Kila Jumamosi pikipiki ilifunguliwa vipande vipande uani. Mama alileta sufuria yenye mafuta ya taa, baba akatandika gunia, nami nikaleta ungo wa nyanya yangu, ambaye kwa Kikamba tulimwita susu. Kila nati iliyotoka iliwekwa kwenye ungo kwa mpangilio, ya kwanza ukingoni, inayofuata kando yake, mzunguko mpaka katikati. Wakati wa kurudisha unaanzia katikati ukienda nje, na hakuna kitu kinabaki. Susu alikaa kizingitini akisokota pajani mwake katani ya kusukia kyondo, kikapu chetu cha Kikamba, na kulalamika. "Huo ungo ni wa kupepeta mahindi. Muthokoi yangu inanuka mafuta ya taa!" Ilinuka kweli. Mpaka leo nikila muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, bila harufu hiyo naona kama imepungukiwa kitu.

Mimi kazi yangu ilikuwa pointi, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kutoa cheche. Vidole vyangu vilikuwa vyembamba, vinaingia. Nilivisugua vyuma hivyo kwa msasa, halafu nikapima nafasi kati yavyo kwa kipande cha kadi ya harusi. Kadi ilitakiwa ipite kwa shida kidogo, si kwa urahisi wala kwa kulazimishwa. Ilikuwa ya harusi ya binti wa jirani. Ndoa yenyewe ilivunjika mapema lakini kadi ilitufanyia kazi miaka mingi, na mama hakuchoka kulitania jambo hilo, mradi jirani hayupo.

Baada ya kila kitu kurudi mahali pake, ilibidi mtu aijaribu. Baba alikuwa akimwambia mama, "Haya, dereva, zungusha." Mama alikunja leso yake, akaifunga kiunoni, akapanda, akazunguka shamba la nyuma ambapo hakuna mtu wa kuona. Ulikuwa mchezo wao wawili. Akirudi alikuwa anacheka kama msichana, na baba alikuwa anamtazama vile ambavyo siku nyingine hakumtazama.

Kisha macho ya baba yakaanza kuharibika. Kwanza alilaumu vumbi. Akagonga mbuzi wa mtu, akalaumu mbuzi. Walipokwenda hospitali Machakos wakaambiwa ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Alikuwa bado anaona mwanga, na umbo la mtu akisimama mlangoni, basi. Wenye ng'ombe wakaanza kumwita mtu mwingine. Jumamosi tulifungua Mtaliano kama kawaida, naye akazishika nati moja moja na kuzitaja bila kukosea, lakini alipomaliza hakumwambia mama azungushe. Alikaa tu na mikono yake imejaa grisi. Nyumba yetu ilikuwa haijawahi kuwa kimya namna ile, nami niliogopa. Nilikuwa namwona baba yangu akiondoka bila kutoka pale alipoketi.

Siku moja akatangaza anaiuza. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, Msomali wa mjini aliyemfahamu baba tangu zamani na kumheshimu sana. Akaja na dereva wake, kijana mwenye miwani ya jua. Chai ikanywewa, habari za mvua zikaulizwa. Kisha baba akamwambia yule kijana, "Sikiza vizuri. Hii gia yake iko mguu wa kulia. Breki ni kushoto."

"Mzee, mimi nimeendesha pikipiki mpaka Garissa," kijana akajibu.

"Garissa ni Garissa. Nimekwambia kulia ni gia."

"Sawa, sawa, mzee."

Akaiwasha, akaondoka vizuri kabisa, akazunguka kibanda cha kuku. Alipokaribia ua akakanyaga mguu wa kulia kwa nguvu zake zote akitafuta breki. Mtaliano akabadilisha gia na kuendelea na safari. Kijana akakanyaga tena. Kuku wakaruka, susu akapiga kelele "Aiya! Katani yangu!", na wote wawili, kijana na pikipiki, wakaingia kwenye katani iliyoanikwa na kulala humo. Baba hakuona kitu lakini alisikia kila kitu. "Amekanyaga kulia," akasema.

Kijana hakuumia isipokuwa miwani. Mfanyabiashara alicheka mpaka akashika mbavu. "Wallahi, daktari, hii ni kama ngamia yenye inajua mtu mmoja tu!" Kijana naye alikataa katakata kuigusa tena. Ikabaki imelala pale, injini ikinguruma kwenye katani. Ndipo mama akakunja leso yake, akaifunga kiunoni. Akaiinua, akapanda, akaitoa kwenye katani, akapita mbele ya wageni wote, akaizungusha nyumba na kuisimamisha miguuni pa baba, taratibu, kwa mguu wa kushoto.

Mfanyabiashara aliacha kucheka. Akamtazama mama, akamtazama baba. "Daktari, dereva uko naye hapa hapa nyumbani. Sasa unaniuzia nini?"

Baba aligeuza uso kuelekea mngurumo wa injini. Najua alichokuwa anafikiria, kwa sababu huko kwetu wakati huo mwanamume kubebwa na mkewe kwenye pikipiki lilikuwa jambo la kuchekwa kutoka Mwala mpaka Masii. Mke hukaa nyuma. Susu mwenyewe alikuwa ameshasema hataki kuona mambo hayo akiwa hai. Mwishowe baba akanyoosha mkono, akagusa tangi, likiwa bado na moto.

"Siuzi," akasema.

Lakini kusema huuzi nyumbani na kutoka nje ni mambo mawili. Siku ya soko mtu mmoja wa ng'ambo ya soko alituma habari, ng'ombe wake amevimba tumbo. Mimi niliwekwa mbele juu ya tangi na sanduku la dawa, maana nilikuwa macho ya baba kwenye bomba la sindano. Mama akashika usukani. Baba akapanda nyuma, amevaa koti lake la kazini, kofia imenyooka. Tukatoka, na mama akakata kushoto kuelekea mtoni, njia ya mchanga inayozunguka nyuma ya mashamba. Njia ndefu, mbaya, isiyo na watu.

Mchanga una sauti yake chini ya magurudumu. Baba aliitambua. "Hii ni njia ya mto."

"Ndiyo, baba watoto. Iko na baridi kidogo."

"Unanificha?"

Mama akapunguza mwendo.

"Geuza. Pitia sokoni."

"Baba watoto, leo watu ni wengi."

"Ndiyo maana. Pitia."

Mama akageuza. Tukaingia sokoni kwa gia ya chini, katikati ya mbuzi na mikokoteni ya punda na akina mama wa maembe, na ule mngurumo mzito ukafanya kila kichwa kigeuke. Nilinyoosha shingo mpaka ikauma. Mtu mmoja kwenye kibanda cha chai akapaza sauti, "Eeh, daktari! Leo umebebwa na bibi!"

Soko lote likasubiri. Baba akainua kofia kuelekea ile sauti. "Nimebebwa na fundi wangu! Wewe bibi yako anaweza kukubeba na nini?"

Kicheko kilichozuka hapo, ndugu yangu, kilikuwa chetu. Yule mtu wa chai mwenyewe alicheka. Ng'ombe tulimpata bado yu hai, baba akapapasa ubavu kwa vidole, akadunga sindano mahali penyewe na kumtoa gesi, nami nikasoma kipimo cha dawa kwenye bomba bila kukosea. Tangu siku hiyo watu walirudi kumwita, na walituita sote watatu.

Leo barabara ya Mwala ni lami. Boda boda zimejaa kila pembe, na kitu kikiharibika kinatupwa, kinanunuliwa kingine cha Kichina. Ungo wa susu hakuna. Pistoni ya Mtaliano ilikatika mwaka ambao baba alifariki, na vipuri havipatikani tena, kwa hiyo Mtaliano yuko kwenye ghala chini ya turubai, nami huenda kumpaka mafuta kila nikienda nyumbani. Uani Jumamosi kuna ukimya ambao wajukuu wanaudhani ni wa kawaida.

Mwaka jana nilimuuliza mama kama aliogopa siku ile ya soko. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua hata kichwa.

"Kuogopa nini? Mimi nilikuwa naangalia barabara. Mwenye alikuwa anaogopa ni babako. Alikuwa amenishika hapa kiunoni mpaka nikakosa pumzi. Wewe ulikuwa mbele, hungeona. Na wale wa soko walikuwa wanaangalia kofia." Akatupa haragwe bovu pembeni. "Lakini alisema tupite, tukapita."