Vijiti kwenye Kilima cha Anastasie

Isidore alipomwacha Anastasie akaenda Misisi kutafuta dhahabu, hakuondoka na nguo zake tu. Alipanda juu ya nyumba, akang'oa mabati yote, akayapakia kwenye pikipiki, akaenda kumwezekea mwanamke mwingine. Alichobakiza ni kilima kile cha Lweba, kwa sababu kilima hakipakiwi kwenye pikipiki.

Anastasie aliezeka kwa nyasi, akakaa. Umeme haujawahi kufika kule, wala bomba. Taa yake inakula jua, maji yake ni ya mvua, mbolea yake inatoka kwa mbuzi wasio na haya. Migomba, maharage, maboga na mihogo alivichanganya kimoja kikimfunika mwenzake, mpaka mashemeji wakasema amelima kichaka. Aliogopa kitu kimoja tu, mvua ya kwanza. Mwaka jana ilibeba udongo na miche yote hadi ziwani. Safari hii ilibidi mitaro ichimbwe kukata mteremko kabla mawingu hayajashuka, na wachimbaji walikuwa yeye na Nella, jirani yake aliyekimbia Burundi.

Walipima, wakachomeka vijiti vyenye vitambaa vyeupe, wakaazima majembe. Jumapili kanisani katekista Déogratias akatangaza: Mama Anastasie anaomba watu wa kujitolea Jumanne, chakula kipo.

"Batu batatu bakikuya, nitacheza," Anastasie alimwambia Nella, asiamini kwamba hata watu watatu watakuja.

Jumanne kilima kilijaa. Suruali zilizopigwa pasi, viatu vya kanisani, kila mtu na fotokopi ya kadi yake ya uchaguzi ndani ya plastiki, tayari kuandikishwa. Walikuwa wameona vijiti, na Fizi nzima inajua: leo vijiti, kesho gari jeupe la mradi, keshokutwa kazi kwa wale waliojitolea mwanzo.

"Mama, chef wa projet iko wapi?" aliuliza Bertin, kijana wa kuuza vocha, akimtafuta mkuu wa mradi kwa macho.

"Njo mimi." Anastasie alijigusa kifua.

"Na bagilet?" Bertin hakuona hata kizibao kimoja cha mradi.

"Mbuzi njo amevaa. Kamata jembe."

Nella alikaa chini kwa kicheko. Wengine walianza kuguna, wawili wakageuka kuteremka. Anastasie alitazama mawingu juu ya ziwa. Hapo ndipo sauti anayoijua ikapasua kundi.

"Hii mulima ni yangu. Projet iongee na mimi kwanza."

Isidore. Habari ya vijiti ilikuwa imemfikia huko Misisi. Amekonda, na koti lile lile la kahawia alilonunuliwa na Anastasie kwa ajili ya harusi. Kitu kilimpanda Anastasie kutoka tumboni. Alidhani ni hasira, kumbe ni kicheko. Alikimeza.

"Batu ya Mungu, mwenye mulima amefika," alisema kwa upole. "Papa Isidore, mwenye mulima njo anafunguaka kazi, anakamata jembe ya kwanza. Ao si yako?"

Watu wote walimtazama. Isidore alitazama jembe. Akavua koti, akalitundika kwenye kijiti, akaanza kuchimba. Nani angesimama mikono mfukoni mbele ya mwenye kilima, ambaye huenda ndiye atakayegawa kazi kesho? Bertin alikunja suruali. Viatu vya kanisani vikavuliwa, vikapangwa chini ya mgomba kama mlangoni kwa askofu. Udongo uliruka, wimbo ukaanza, na Anastasie akawa anakimbia juu na chini na ndoo za maji, miguu haigusi ardhi.

Kufikia saa nane Isidore alikuwa na malengelenge.

"Gari inafika saa ngapi?"

"Gari gani, papa?" Nella alimjibu. "Kesho mwenye mulima anabeba mavi ya mbuzi."

Isidore alitupa jembe. "Katekista, na wewe usikie. Hii mulima ni ya Anastasie. Miye sina kazi nayo."

"Nimesikia," alisema Déogratias kando ya chungu, mdomo umejaa muhogo.

Basi kundi zima likaelewa kwamba mradi haupo, na kicheko kikashuka kilima chote. Lakini chungu cha maharage na ndagala, dagaa wa ziwani, kilikuwa kimeiva, na mtaro wa mwisho ulibaki kidogo tu, wakaumaliza.

Mvua iliwakuta wakila. Maji yalishuka kwa fujo, yakafika kwenye mtaro wa kwanza, yakatulia humo. Anastasie alicheza matopeni kama alivyoahidi, Nella akimpigia sufuria, kisha wote wakabanana chini ya paa la nyasi isipokuwa mmoja.

"Tasie," Isidore aliita, koti kichwani. "Niingie?"

"Mabati yako iko Misisi," alisema Anastasie, akampa sahani yake ya maharage kupitia dirishani.