Sabuni Nyekundu na Lori Lililochoka

Habari za kifo cha fundi zilinifikia Jumanne kwa mdomo wa kondakta wa basi la Korogwe, aliyezitoa pamoja na salamu tatu na mkungu wa ndizi. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba sipendi misiba yenye hotuba. Huu haukuwa na hata moja. Tulipanda milimani hadi kijiji cha Bungu, tukamzika fundi huyo wa magari, tukakaa kula wali. Hakuna aliyesema kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu, kwa sababu hakuwa. Alikuwa mtu wa injini, na watu aliwavumilia kwa kuwa ndio walioleta magari. Mimi nilimpenda, na pia nilimwogopa kidogo, kwa sababu nitakayoieleza.

Enzi za Mwingereza nilikuwa karani katika shamba moja la mkonge nje ya Korogwe. Lori la shamba lilileta mahindi ya posho kutoka Handeni, na dereva wake alikuwa Mzigua mmoja mtaratibu aliyenizidi umri kidogo. Mwaka mmoja lori lilianza kupoteza nguvu. Likitoka Handeni lilikwenda vizuri maili kumi hivi, kisha likaanza kukohoa, kilimani halivuti, mwisho likazimika. Dereva alilipumzisha, akaliwasha, likaondoka kama halikuwa na neno. Taarifa yake kila mara ilikuwa neno moja: limechoka. Msimamizi wetu Mwingereza alijua Kiswahili cha kutosha kulielewa neno hilo na kutoliamini. Yeye aliona dereva mwenye mke mdogo kijijini njiani, na watu waliopanga foleni na vikapu vitupu wakingoja posho. Plagi zilibadilishwa, kabureta ikasafishwa, lori likachoka vilevile. Nikaamriwa kupiga chapa barua ya kumwachisha kazi. Barua hiyo ingemtoa pia kwenye nyumba ya kambini, ambako mke mkubwa alikuwa na mtoto wa wiki tatu.

Kabla ya kutia sahihi, msimamizi alikubali fundi wa mjini, ndiye huyu marehemu, asafiri na lori mara moja, nami niende kuwa shahidi. Barua ilikuwa mfukoni mwangu. Tulipakia mahindi Handeni, tukaondoka, na kilima cha kwanza cha maana kikatushinda. Dereva akashuka kufungua boneti.

“Acha boneti, bwana,” fundi akamwambia. “Huko wenzangu wameshatazama.”

Akaenda kwenye tangi, akalegeza kifuniko. Tangi likavuta hewa kwa mlio mrefu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. “Washa,” akasema. Likawaka, likapanda. Juu ya kilima akakikaza kifuniko kwa makusudi, tukaenda maili kadhaa, likazimika. Akakilegeza, likaenda.

“Gari halichoki,” akamwambia dereva. “Hili limenyimwa pumzi. Petroli ikitoka tangini, hewa lazima iingie mahali pake, isipoingia petroli nayo inagoma. Ukilipumzisha, hewa inapenya kidogo kidogo, ndiyo maana linaamka.”

Kisha akakigeuza kifuniko, akachokoa tundu lake dogo kwa msumari. Kikatoka kijibonge cha katani kilichokandwa na sabuni nyekundu. Akakinusa, akakitia mfukoni.

Tundu lile nililiziba mimi. Shambani kwetu kila kilichovuja kilizibwa kwa katani, kuanzia ndoo hadi paa. Siku moja niliona petroli ikirukia juu kwenye kifuniko, nikadhani ni ubovu, nikaurekebisha bila kuulizwa. Niliongeza sabuni kwa kuwa petroli haiiyeyushi, na nilijiona mjuzi. Sabuni nyekundu ilikuwepo mahali pamoja tu shambani, kwenye beseni la ofisi yangu. Tulipofika, fundi alikwenda kunawa hapo hapo.

“Karani, sabuni yako imemegwa pembeni.”

“Panya, fundi.”

“Panya wasafi,” akasema, akajifuta mikono.

Msimamizi alipouliza kosa ni la nani, fundi alijibu kwamba tundu lilizibwa na vumbi la Handeni. Nikaichana barua mbele ya dereva, naye akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Niliona haya, lakini si kiasi cha kusema. Tangu hapo kila Idd alikuwa ananiletea kibuyu cha asali kunishukuru kwa kumtetea. Fundi hakukosa kupita siku hizo. Alikula asali ile akinitazama.

Pale msibani Bungu, tukiwa kwenye sinia moja, nilimwamkia dereva shikamoo kaka, akaitikia, nami nikaona nisipomwambia leo nitakuwa nimemzika fundi na sehemu ya uongo wangu.

“Kaka, lile tundu la tangi nililiziba mimi.”

Alitafuna tonge lake hadi likaisha.

“Najua. Fundi aliniambia siku ile ile, tunateremsha mahindi. Nilitaka kukupiga. Akasema, usimpige, mpelekee asali, atalegea mwenyewe.”

“Miaka yote hii?”

“Hata yeye alishangaa. Alisema kifuniko chako kimekazwa kweli.”

Nililia hapo, mkono ukiwa kwenye wali, na watu wakadhani namlilia marehemu, jambo ambalo pia lilikuwa kweli. Kwa ujuzi wake fundi yule aliniona kama lile lori: nilikuwa nakwenda vizuri, kila Idd nazimika, kisha naendelea kama sina neno. Lugha yetu imetupa kitenzi kimoja kwa tundu na kwa siri, tunavitoboa vyote viwili, na mimi karani wa kusoma na kuandika sikuwahi kukitumia. Funzo langu basi ni hilo: toboa mapema, ungali na watu wa kukusikia. Asali ya Idd hii, dereva ameniambia, nitaifuata mwenyewe Handeni.