Uso Mpya wa Bayumi

Kazi ya mume wangu Bayumi ilikuwa kupigwa makofi. Cheka tu, kila mtu huanza kwa kucheka. Tangu ujana wake mpaka kitambi kilipomtoka, hakuna nyota wa sinema hapa Kairo ambaye hakumzaba: mashujaa, majambazi, hata mabibi wa kucheza ngoma. Alijua kuangukia meza bila kuvunja glasi hata moja, na waongozaji walimpenda kwa hilo. Tukienda kuitazama filamu, mwisho ukifika na majina yakianza kupanda kwenye kitambaa cheupe, ananibana mkono gizani: "Ngoja, Fathiya, linakuja." Majina yanapanda, yanapanda, kisha "na wengineo", kisha taa zinawashwa. Mimi nilikuwa mke wa bwana Na Wengineo.

Alilolitaka duniani ni hilo moja, kuliona jina lake pale juu. Alilitaka mpaka akanifundisha kusoma, mimi niliyetoka kwetu Minya sijui alifu wala be, ili siku hiyo nilisome mwenyewe bila kusomewa. Mtaani kwetu Shubra walimwita Kofi. "Kofi, leo umekula mangapi?" Naye anawajibu, "Mengi, njoo nikugawie." Alicheka nao, lakini akiingia ndani anavua viatu kimya na kukaa kitandani, na mimi najua leo pia imepita bila jina.

Miaka ya themanini kila mwenye duka la nyama au la vigae aliyepata kidogo alitaka kutengeneza filamu. Zilipigwa haraka haraka, zikatiwa kwenye kanda za video, zikapelekwa Ghuba. Sisi tukiziita filamu za makandarasi, na hakuna mtu mwenye haya zake aliyejigamba kuwa ameigiza humo. Mmoja wa matajiri hao, Haji Mitwali muuza vigae, alimpa kazi kijana mmoja mwongozaji, Wagihi, mwenye miwani minene, ndiyo kwanza katoka chuoni. Mzee aliyepangiwa kuigiza mlinzi wa kivuko cha reli akawakimbia, kapata tamthilia ya Ramadhani. Basi Wagihi akamwambia Bayumi, "Mzee wangu, vaa wewe kile kilemba."

Ulikuwa mkasa wa mlinzi anayenyanyua kizuizi kabla ya wakati wake, na anayekanyagwa na treni ni mwanawe wa pekee. Bayumi akafuga ndevu, akajifunga kilemba cha watu wa kusini, na kubwa zaidi akatoa meno yake ya bandia. Nilipomfungulia mlango jioni ya kwanza nilishtuka.

"Mtume! Meno yako yako wapi?"

"Mfukoni."

"Basi usije ukakaa juu yake. Na hiyo filamu ikoje?"

"Takataka, mama. Treni imepita mara moja tu, tukaambiwa hairudi tena. Na Haji katia wimbo katikati ya mazishi, kwa sababu mwimbaji ni mpwa wake."

Tulicheka mpaka nikapaliwa na chai.

Sasa hapo ndipo binti yetu Ashwaki akapata mchumba. Mamduhi, mhandisi wa maji, kijana mpole. Taabu ilikuwa baba yake, Ustadh Rushdi, mwalimu mkuu mstaafu, anayezungumza nawe utadhani bado umechelewa darasani. Siku walipokuja kusoma Fatiha ya uchumba, wanaume wamekaa sebuleni, mimi na Ashwaki tuko nyuma ya pazia na sinia la sharubati, Ustadh Rushdi akakohoa.

"Bwana Bayumi, usinielewe vibaya. Nimeambiwa wewe ni mtu wa sinema."

"Nilikuwa," akasema Bayumi.

"Umeacha?"

"Nimeacha tangu Idi."

"Maana sisi ni watu wenye jina. Sitaki wajukuu zangu siku moja wamwone babu yao anazabwa kofi na mcheza ngoma. Tangu Idi, kweli?"

Jana yake tu Bayumi alikuwa relini. Ndevu alizinyoa asubuhi ile kwa ajili ya wageni, kidevu bado kilikuwa cheupe pe. Nikamsikia akitamka, "Talaka juu yangu, Ustadh, sijashika kazi ya sinema tangu Idi."

Nikaliweka sinia chini. Wanaume wetu huapa kwa talaka hata kumshindania muuza samaki, najua, huo ni upuuzi wa kila siku. Lakini mimi Bayumi alikwisha kuniacha mara mbili, tena kwa kadhi, tena kwa upumbavu: mara moja kwa sababu ya mama yake, mara moja kwa sababu ya sufuria ya mboga ya mlukhiya iliyoungua. Mbili zilikwisha kupita. Iliyobaki ni moja tu, na mtu akiitumia hiyo mke harudiwi tena. Naye ameichukua hiyo, ameiweka juu ya uongo, mbele ya mashahidi, kisha wakafungua viganja wakasoma Fatiha.

Walipoondoka nilimvaa jikoni.

"Umeniapia mimi? Mimi, Bayumi?"

"Filamu gani hiyo ya kuogopa, Fathiya? Itakufa kabla haijazaliwa. Nani ataiona? Wenye video wa Kuwait?"

"Na akiiona?"

"Sina meno humo, sina sura. Nani atanijua?"

Wiki chache baadaye Wagihi akapanda ngazi zetu akihema. Alikuwa amemaliza kuunga vipande vya filamu na uso wake ulikuwa unawaka. Alitaka kujua jina liandikwe vipi.

"Ustadh Bayumi, unaanza wewe. Peke yako, kitambaa kizima, kabla ya yule bibi nyota wao. Haji kapiga kelele, nimemwambia basi aichome filamu yake."

Wallahi nilimwona mume wangu akikaa kwenye ngazi, palepale penye vumbi, na suruali yake safi. Nilijua anaiona herufi kwa herufi. Mimi nimesimama mlangoni na ufagio, na hakunitazama.

"Liondoe," akasema.

"Niondoe nini?"

"Jina langu. Andika mwingine."

"Mwingine nani, mzee? Filamu nzima ni wewe!"

"Andika yeyote. Si mnapenda kuandika 'na uso mpya'? Basi, andika uso mpya."

Wagihi akacheka, halafu akaona mwenzake hacheki. Akaandika Idris Abul-Wafa, jina la kinyozi wake aliyekufa.

Harusi ikapita, na kiangazi filamu ikatupwa kwenye sinema ya wazi ya Rod al-Farag, maana hakuna mwingine aliyeitaka. Tulikaa nyuma, daraja la tatu, kwa wachukuzi na wauza matunda. Hao ndio mahakimu wa sinema zetu: filamu isipowapendeza watapiga mbinja na kuwatukana mpaka waliouza tiketi. Bayumi alikaa pembeni kabisa, tayari kukimbia. Ule wimbo wa mazishini ulipoanza, mbinja zikapigwa, mtu akarusha maganda ya mbegu za tikiti. Nikasema haya, mambo yameanza.

Kisha akatokea yeye. Amesimama juu ya reli na bendera mkononi, treni imekwisha kupita, anafungua mdomo kumwita mwanawe na jina halitoki. Mdomo mtupu ule, bila meno, unafunguka na kufungika. Sikumtambua. Nimelala naye kitanda kimoja umri wangu wote, na sikumtambua. Kule nyuma mbegu ziliacha kutafunwa. Mpaka jibaba moja, sauti yake ya kupakua malori, likapaza: "Mungu akupe subira, mzee wangu!" na mstari mzima ukaitikia amin.

Mwisho majina yakapanda. "Na uso mpya: Idris Abul-Wafa." Nililisoma mwenyewe, bila kukwama. Watu walisimama wakapiga makofi, Bayumi naye akasimama akapiga pamoja nao.

Baada ya hapo ilihamia mjini, sinema moja baada ya nyingine, magazeti yakaandika kwamba katika takataka za makandarasi imepatikana lulu. Mwishoni mwa mwaka Idris akapewa tuzo ya uso mpya bora. Wagihi alikuja kulia pale sebuleni, kijana wa watu.

"Panda jukwaani mara moja tu, mzee. Meno yatoe, ndevu tutakubandika."

"Wakinipiga picha? Rushdi anasoma magazeti yote mpaka matangazo."

"Mwambie ukweli!"

"Ukweli nimeuapia talaka, mwanangu. Ashwaki ana mimba. Nani atamlea mtoto kwa watu wanaosema nyanya yake anakaa na mwanamume asiye mumewe?"

Wagihi akaichukua tuzo kwa niaba yake, akasema Idris ni mgonjwa.

Sikiliza, mimi sikukaa bure. Nilikwenda kwa sheikh wa msikitini, nikamweleza kisa kama cha jirani yangu. Akasema aliyeapa hivyo bila kunuia kuacha, ndoa yake ipo, atubu na alishe maskini kumi. Nikawapikia maharage, nikawalisha mlangoni kwangu. Nikamwambia Bayumi, kwa Mungu tumemaliza. Akanijibu, "Kwa Mungu ndiyo. Kwa Rushdi je?" Na mimi nilimchukia kwa jibu hilo, nakuambia wazi. Nilitaka aniulize. Hata siku moja hakuniuliza kama mimi naogopa maneno ya Rushdi, maana ningemwambia Rushdi na maneno yake waende zao.

Televisheni ikaichukua filamu ile, ikawa inaionyesha kila Idi Kubwa baada ya chakula cha mchana. Na Idi Kubwa tunakula wapi? Kwa Ustadh Rushdi, bila shaka. Sahani ya fatta, mkate na wali na nyama, mapajani, mlinzi wa kivuko kwenye kioo, na mwenye nyumba anatokwa na machozi kwenye masharubu. Kila mwaka. Ashwaki kila mwaka alikuwa anainamia sahani yake. Alijua. Mtoto hawezi kuikosea mikono ya baba yake. Lakini hakusema, na sisi hatukumuuliza.

Mwaka ule wa mwisho Ustadh Rushdi akafuta macho, akamgeukia Bayumi.

"Umeona, mkwe? Huku ndiko kuigiza. Siyo kuanguka anguka juu ya meza. Ungejifunza kwa bwana huyu, labda ungelikuwa mtu."

Watu wakacheka. Bayumi naye akacheka, kile kicheko chake cha Shubra. Damu ikanipanda.

"Ni yeye!" nikasema. "Huyo ni Bayumi! Mtazame mikono, mwalimu mzima, huna macho?"

Ashwaki kanyanyua uso, kapauka. Ustadh Rushdi alinitazama mimi, akatazama kioo, akamtazama mume wangu.

"Ni kweli, Bwana Bayumi?"

Ningetoa roho yangu aseme ndiyo. Alishusha sahani.

"Umri huo, Ustadh, umemwingia. Kila akiona mzee mwenye kilemba anadhani ni mimi. Yule ni mwigizaji. Mimi nilikuwa mtu wa makofi."

Wakacheka tena, safari hii walinicheka mimi. Tulirudi nyumbani. Kwenye ngazi zetu, palepale alipokaa na Wagihi, nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ningekubali, leo ungelala wapi?" Nikamwambia ningelala barabarani na nikalala usingizi mtamu. Akaanza kutafuta ufunguo.

Alikufa majira ya baridi yaliyofuata, kifua. Ashwaki akaja na mumewe kupanga tangazo la msiba gazetini, maana kwetu maiti asiyetangazwa ni kama hakufa. Nikasema andika mwigizaji.

"Mama, baba yake Mamduhi anasema tuandike mstaafu tu. Inatosha."

"Mstaafu wa nini?"

"Mama, nakuomba."

Wakaandika mstaafu. Mimi nikavaa baibui langu, nikaenda gazetini peke yangu, nikaagiza tangazo langu. Niliandika kwa mkono wangu, kwa herufi alizonifundisha: Amefariki mwigizaji Idris Abul-Wafa, mume wa Fathiya, baba wa Ashwaki, matanga Shubra. Talaka haimfikii maiti, nikasema, na mimi ni mjane, atakayetaka kunisema na aje.

Jioni, tangazo likiwa limekwisha kutoka, hema lilisimikwa barabarani, wanaume chini, wanawake juu. Nikawaona kutoka dirishani wanashuka kwenye teksi: Wagihi, sasa ana mvi, na tuzo ile ameifunga kwenye kitambaa, waongozaji, na mashujaa wazee na majambazi, nyuso ambazo mtaa mzima unazijua. Ustadh Rushdi, ambaye kwa shughuli za mazishi hakupata kufungua gazeti siku hiyo, kasimama mlangoni mwa hema kupokea rambirambi. Kila anayempa mkono anasema Mungu amrehemu Idris, naye macho yanamtoka. Basi nikashuka, nikaingia kwa wanaume. Mwanamke hemani mwa wanaume, makubwa hayo!

"Bibi," akanishika Ustadh Rushdi, "Idris ndiye nani?"

"Ndiye aliyekuwa akikuliza kila Idi. Ndiye uliyemzika leo adhuhuri."

Akamtazama Ashwaki, aliyeshuka kunifuata. Ashwaki akaitikia kwa kichwa. Nilidhani sasa mzee atakaa chini, atasema alimkosea, atasema lo, kumbe. Nilimngoja.

"Kwa hiyo kile kiapo," akasema, "kilikuwa cha uongo? Na wewe ukakaa naye?"

Nikamwambia ndiyo. Akawaita wanawe, wakatoka hemani mmoja mmoja na msomaji wa Kurani bado yuko katikati ya aya, na Ashwaki akatoka nao. Waliobaki kwenye viti ni watu wa sinema, walewale waliomzaba makofi maisha yake yote, na hao ndio walionipa mkono wa pole mpaka msomaji akamaliza.