Mwanamke Aliyenunua Jina la Mama

Malaba nzima hakuna aliyelijua jina alilobatizwa mama yangu. Kwetu mwanamke akishapata mtoto wa kwanza, jina lake la zamani hubaki kwa wazazi wake, naye huitwa Mama Fulani mpaka siku ya kuzikwa. Huyo Fulani alikuwa kaka yangu mkubwa. Jina lake halisi sitaliandika hapa. Limeshauzwa mara moja, inatosha.

Mama alipofungua hoteli yake ya mabati kando ya barabara ya malori, hakuumiza kichwa kutafuta jina la biashara. Alimwambia mchoraji aandike lile aliloitwa na watu. Mchoraji akaongeza picha ya kuku ambaye wateja wengi walidhani ni bata. Kufikia katikati ya miaka ya tisini, madereva wa kutoka Mombasa mpaka Kigali walilijua bango lile. Malori yalikaa hapo mpakani mwa Kenya na Uganda siku nyingi yakingoja karatasi zigongwe mihuri, na waliokuwa ndani yake walikula kwetu.

Lakini chakula kilikuwa nusu tu ya kazi. Siku hizo simu hazikuwa za watu kama sisi. Dereva aliyetaka kumfikishia mwenzake kitu alimwambia kitakuwa kwa Mama Fulani, basi. Viatu vya mtoto, dawa, barua ya mke aliyechoka kungoja, vyote vilikaa kwenye kabati la mama hadi mwenyewe apite. Wengine waliotuma vitu hivyo hawakuwahi kumwona mama kwa macho. Walilijua jina, na jina halikuwahi kuwapotezea kitu.

Kaka yangu alikuwa akizungusha karatasi za madereva katika ofisi za mpakani, na nusu ya wateja wetu aliwaleta yeye. Alipoanza kukonda tulisema ni kazi nyingi. Alipoanza kukohoa tulisema ni vumbi. Ulikuwa ule ugonjwa ambao wakati huo kila nyumba ilikuwa nao na hakuna nyumba iliyoutaja. Alilazwa hospitali ya Kocholia, akatoka, akalazwa tena. Tukaambiwa kuna daktari Eldoret mwenye dawa za kumpa nguvu, na kwamba dawa hizo si za bure. Tulikuwa tumeshauza baiskeli, redio na mbuzi wa nyumbani Marachi. Mabati yenyewe yalikuwa ya mwenye kiwanja.

Hapo ndipo yule mwanamke alipokuja. Alikuwa na hoteli Busia mjini, na alikuwa amejenga nyingine Malaba, ya mawe, yenye dirisha la vioo, mbele kidogo tu ya kwetu. Ilikuwa nzuri na ilikuwa tupu. Aliagiza chai, chapati na matumbo, akala polepole, kisha akalipa kila kitu. Mama alikataa, akamwambia mgeni wa biashara halipishwi. Mwanamke yule aliiacha pesa mezani. Nilimchukia pale pale, kwa sababu nilielewa anachofanya: mtu aliyekula chako bure hawezi kukubana kwenye bei, na huyu alikuja kubana.

"Nyumba niko nayo," alimwambia mama. "Sufuria niko nazo. Kitu sina ni jina. Niuzie jina."

Mama alicheka, akidhani ni utani. Mimi binti yake, niliyemaliza kidato cha nne na niliyejiona wakili wa familia, niliketi kwenye benchi nikamuuliza anataka jina kwa namna gani. Alikuwa ameshapanga yote. Atachukua bango na kabati. Mama hatapika tena Malaba, wala mimi sitapika. Na hakuna atakayewaambia madereva kwamba mahali pameuzwa. Wakiuliza, wataambiwa yeye ni mdogo wake mama, ameachiwa kazi dada yake apumzike.

"Nikinunua bango peke yake nimenunua mbao," alisema. "Hiyo jina ikikuja na mteja, ni wangu. Ikikuja na kitu, hiyo kitu ni yangu nishike."

Mama aliuliza jambo moja tu. Je, watu wakimwita hivyo njiani?

"Wakikuita, itika, mama. Lakini usipike."

Bei aliyotaja ilikuwa ya kututukana. Nikamwambia kuna mtu wa Tororo ametoa zaidi. Hakukuwa na mtu wa Tororo, naye alijua. Alitabasamu akasema huyo wa Tororo aje tukae naye hapa, tushindane vizuri. Siku ya pili nikasema jina la mtu haliwezi kwenda bei ya magunia mawili ya sukari. Akajibu kwamba sukari angalau anajua ataiweka wapi.

Shangazi yangu, dada ya baba, aliposikia alitoka Butula akaja mbio. Hakuja na msaada wowote, alikuja na mdomo. Alisema mtu hauzi jina la mtu anayepumua, kwamba kufanya hivyo ni kumwandalia safari, na kwamba marehemu baba asingekubali. Nilitaka kumuuliza yeye ametoa nini. Mama alinitangulia.

"Nauza ili apumue," alisema, akaendelea kuchambua mboga.

Hata hivyo mama alisema jina si lake peke yake. Akanituma Kocholia nikamuulize mwenyewe. Nilimkuta kaka ameegemea ukuta, mikono juu ya blanketi, macho makubwa. Nilidhani nitamuumiza. Badala yake aliuliza huyo mama amesema ngapi, na nilipomwambia akakunja uso.

"Hiyo ni bei ya ng'ombe mgonjwa," alisema. "Mwambie aongeze. Mwambie bado nasimama."

Alikuwa hajasimama tangu Jumapili. Tulicheka wote wawili mpaka akakohoa, na muuguzi akaja kunitoa. Nililia njia nzima kurudi Malaba, nikiwa nimekasirika kwamba nalia.

Aliyepandisha bei hakuwa mimi wala mtu wangu wa Tororo. Siku ya tatu, tukiwa tumekwama, aliingia utingo mmoja wa lori la Kampala ambaye hatukuwa tumemwona kabla. Hakusalimia. Aliweka kifurushi juu ya meza, akasema ni cha dereva mmoja wa lori la mafuta, ameambiwa akiache hapa, akatoka. Hakuomba hata mtu ampokee kwa mkono. Yule mwanamke alikitazama kifurushi kile kwa muda mrefu. Kisha akapandisha bei hadi ya ng'ombe mzuri wa maziwa, akasema hapo amefika mwisho. Mama akasema sawa, kabla sijafungua mdomo. Jioni vijana wawili walikuja kung'oa bango, na ukuta ukabaki na alama nyeupe.

Pesa ilikwenda Eldoret yote. Kaka alipata nguvu kidogo, akakaa nje kwenye jua, akala samaki. Mama alihamia soko la Amagoro kuuza nyanya na sukuma wiki. Hakupika Malaba hata siku moja. Mahindi yalipoanza kukauka mashambani, kaka akafariki.

Tulimzika Marachi. Watu walikuja, majirani, kanisa, ukoo wote pamoja na shangazi na mdomo wake. Lakini nilimwona mama akitazama barabarani. Kila gari liliposikika aligeuza kichwa. Madereva waliofika walikuwa watatu, basi. Watu aliowapikia miaka yote ile, waliolala kwenye benchi zake wakiwa na homa, watatu. Wiki zilizofuata mimi nilisema mengi. Nilisema watu wa barabarani hawana shukrani, tumbo likishiba wamekusahau.

Miezi miwili baadaye tulikuwa sokoni Amagoro, dereva mmoja wa Mombasa akaja kununua nyanya. Alimtambua mama akashtuka. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza amerudi lini, maana mdogo wake aliwaambia bado yuko matanga. Mama akauliza mdogo gani. Dereva yule alishangaa. Akaeleza kwamba habari za msiba ziliwafikia barabarani, kila mmoja akimwambia mwenzake, na wakafanya kama walivyozoea: waliofika Malaba waliingia kwa Mama Fulani kutoa pole, na walioshindwa walituma. Walichanga. Waliomba. Wa Kigali walisimama hotelini wakaimba wimbo wa kwao. Yule mama mdogo aliwapokea vizuri sana, dereva alisema, na alilia nao.

Mama alimpimia nyanya zake, akamwongezea moja.

Mimi sikungoja. Nilipanda gari la kwanza kwenda Malaba, nikaingia katika ile hoteli ya mawe, na bango letu lilikuwa juu ya mlango, bata na yote. Hoteli ilikuwa na wateja kila meza. Nilimwita mwizi mbele yao. Nilimwambia amekula matanga ya mtoto asiye wake. Alinishika kiwiko bila haraka, akanipeleka jikoni.

"Tulisema nini, dada?" aliniuliza. "Jina ikikuja na kitu. Wewe mwenyewe ulikubali, ulikuwa umekaa pale kwa benchi."

Nikamuuliza kama pole ni kitu.

"Sasa ningewaambia nini? Ati mimi si mdogo wake? Tulikubaliana hiyo isiongelewe. Na nililia. Sikuigiza. Mimi pia niko na watoto."

Pesa ya mchango alisema ameshaitumia, na hakuonekana kuona aibu wala kufurahi. Niliondoka nikiapa kumpeleka kwa chifu. Nilipofika nyumbani nilimweleza mama kila neno, nikitembea huku na huku. Nilimwambia tuna kesi, kwamba hata makubaliano yana mwisho, kwamba tutampata. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi.

"Walisema nini?" aliuliza.

Nikamuuliza akina nani.

"Hao waliokuja. Walisema nini juu yake?"

Sikujua. Nilikuwa nimeuliza juu ya pesa na juu ya haki, hilo sikuuliza.

Kesho yake mama hakwenda sokoni. Alivaa gauni la kanisani, tukaenda pamoja Malaba, na aliketi kwenye benchi ya nje kama mteja. Yule mwanamke alipomwona alipauka. Nadhani alitarajia askari. Mama alimwomba akae.

"Pesa kaa nayo," alimwambia. "Nieleze walichosema juu ya mtoto wangu."

Mwanamke yule alinitazama mimi, kisha akafuta mikono kwenye leso yake, akakaa. Mwanzo alitafuta maneno. Akasema mmoja wa Tanga alimkumbuka kwa utani. Mwingine alisema hakuwahi kudai kitu kidogo ili karatasi zitembee. Na kulikuwa na mzee wa Mombasa aliyesema aliwahi kushikwa na malaria kali, peke yake ndani ya lori, na kijana huyo akamweka kwenye baiskeli, akamsukuma mpaka Kocholia. Milima yote alikuwa akisukuma, na alikuwa akiimba ili mzee asilale akaanguka.

"Hiyo mwanangu hakuniambia," mama alisema.

"Huyo mzee alisema alikuwa anaimba vibaya," mwanamke akaongeza.

"Ndiyo," mama alisema. "Alikuwa anaimba vibaya."

Ndani mtu aliita kwa sauti, akitaka chai, akiliita lile jina. Wanawake wote wawili waligeuza kichwa. Mama ndiye aliyerudisha macho kwanza.

"Mteja anakuita," alimwambia. "Nenda umpe, halafu urudi unieleze tena ile ya baiskeli."