Siku Nilipoitika Ukunguni

Usipa, wale dagaa wa ziwani kwetu, hauingii jikoni kwangu. Nikipita sokoni Lizaboni harufu ile ikanifikia, navuka barabara.

Mama alinifungia fungu la usipa mkavu siku tulipoupanda mlima ulio juu ya ziwa. Baba alikuwa amefariki, na ukoo wake uliamua nikalelewe na shangazi, Songea. Shangazi alikuwa akitusubiri kileleni. Katikati ya njia ukungu ulishuka ghafla, mzito na wa baridi, hata miguu yangu sikuiona. Mama akanikalisha juu ya jiwe, akanifunika kanga yake iliyonuka moshi na samaki.

Shangazi akaita jina langu kutoka juu.

"Nyamaza," Mama alininong'oneza. "Asipotuona ataondoka. Tutarudi nyumbani."

Shangazi akaita tena. Nami nilikuwa nimefundishwa, na Mama huyohuyo, kwamba mkubwa akikuita unaitika.

"Abee, shangazi!"

Mkono wa Mama ukalegea begani mwangu. Tukasikia hatua zikiteremka, mawe madogo yakiporomoka mbele yake.

Shangazi alipotufikia alinishika kidevu, akatabasamu.

"Wifi," alimwambia Mama, "huyu umemfunza adabu kwelikweli."